Kilichotemewa Maji Hakirudi

Wapo watu Visiga mpaka leo watakaokuambia kwamba bibi yangu, Mwanamkuu binti Kitwana, alimwua mke wa mtu kwa kata ya maji. Wengi wao walisukutua kwa kata hiyohiyo, na walipomaliza walisema Mungu amweke Bi Mkuu, ametupatanisha. Midomo ya watu haina haya. Kwa hiyo nieleze mimi, mjukuu wake, kama nilivyoelezwa na mama yangu, aliyekuwa ndani ya nyumba ile siku zote zile na hakuruhusiwa kutoka.

Mama alikuwa mwali. Kwetu, wakati wa Mwingereza, msichana akivunja ungo alitiwa chumbani akakaa humo mwaka na zaidi, haonekani na mtu, hasemi na mtu ila kungwi wake. Ukiwa huna kazi nyingine ila kukaa nyuma ya ukuta wa udongo, masikio yanaota meno. Mama alisikia yote.

Nyumba ilikuwa kando ya barabara ya Morogoro. Mume wa bibi, Mwinyimadi, aliijenga ya vyumba sita, ukumbi katikati, kisha akafa. Ndugu zake bibi walimwita arudi kwao Vihingo, upande wa Kisarawe. Akasema arudi kufanya nini, kupimiwa mboga na wake za kaka zake? Akabaki, akapangisha vyumba. Ua mmoja, choo kimoja, mtungi mmoja wa maji ya kunywa, na mafiga ya kupikia pamoja chini ya kibanda cha makuti. Wanaosema kuishi wengi ni raha hawajasubiri choo nyuma ya mtu aliyewaibia kuni.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha karibuni. Kuku wa mpangaji mmoja, Abdala, alikula mpunga alioanika Hemedi, fundi cherehani wa chumba cha mbele. Hemedi akampiga kuku gongo, Abdala akampiga Hemedi. Wakapelekana kwa jumbe, jumbe akawapeleka Kisarawe. Wakaenda na kurudi kwa miguu mpaka nyayo zikawapasuka. Kuku alichukuliwa awe ushahidi, na tangu siku ile hakuna aliyemwona tena, ingawa Abdala aliapa kwamba tarishi mmoja alinuka bizari. Mwishowe wakalala mahabusu wote wawili, mshitaki na mshitakiwa, wakarudi wamekonda, kila mmoja akidai ameshinda.

Bibi aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. "Basi," akasema. "Neno la nyumba hii halitavuka tena barabara. Tutalimaliza uani, na asiyetaka, mkeka wake haumshindi kukunja."

Kwao Vihingo, mtoto akiugua asipone, wazee waliulizana nani amenuna. Aliyenuna alikitoa mbele ya wote kilichomnunisha, kisha akasukutua maji, akayatema chini, na uchungu ukawa umetoka nayo. Ilikuwa dawa ya ugonjwa wa mtoto. Bibi aliichukua akaifanya sheria ya nyumba. Wenye ugomvi waliitwa uani asubuhi, kabla mtu hajatia kitu kinywani, na wapangaji wote wakakaa kusikiliza. Kila mmoja alisema mpaka akauke, mwenzake hamkatizi. Kisha bibi aliwapa maji kwa kata ya kifuu, wakasukutua, wakatema. Kilichotemewa maji hakirudi. Atakayekirudisha, kwa maneno au kwa kununa, anahama.

Na ilifanya kazi, msinidanganye. Mama alikuwa akiuma kanga asisikike akicheka kule ndani. Mke wa Abdala alimshitaki Mwanaamina, mke wa Hemedi, kwa kutwanga alfajiri.

"Anatwanga kama anavunja mlango wa gereza!"

"Na wewe unalala mpaka jua likuchome makalio," akajibu Mwanaamina zamu yake ilipofika. "Nitwange lini, dada? Nikutwangie ndotoni?"

Uani kukawa kicheko. Wakatema maji, na kuanzia siku ile Mwanaamina akahamishia kinu chake nyuma ya choo. Watu wa nyumba za jirani wakaanza kuja na magomvi yao. Mpaka wa Mlandizi walikuja. Bibi hakupokea kitu kwa mtu. Alisema ukilipwa kwa ugomvi utaanza kuomba watu wagombane. Jumbe alinuna kwa kukosa kesi, lakini jumbe hakuwa mpangaji.

Abdala ndiye aliyeijaribu ile sheria. Siku moja, Hemedi akimcheka kwa jambo jingine, Abdala akamtajia kuku. Kuku alikuwa ameshatemewa maji zamani. Bibi hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwa Abdala, akamkunjia mkeka mwenyewe, akauweka barabarani. Abdala na mke wake walihama jua la mchana, watoto wakilia, na tangu hapo hakuna mtu aliyefanya mzaha na maji ya Bi Mkuu. Mimi nasema hapo ndipo alipokosea, maana sheria ikishaogopwa haiulizwi tena inafaa nini.

Kikaja chumba cha nyuma kikachukuliwa na Kondo, mkata mkonge, na mke wake Mwanamvua, bibi harusi mpya, mtoto mtoto bado, wa kucheka ovyo. Mwanaamina ndiye aliyemfundisha kuwasha kuni mbichi. Mwanaamina alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, Mwishehe, ndio kwanza anajua kukimbia. Alikuwa mtoto wa ua mzima. Kila chungu kilichopakuliwa, cha kwanza kuonja ni yeye.

Jioni moja Mwanamvua aliteleka sufuria ya maji ya kuoga mume wake. Yakachemka. Akaitwa ukumbini kuona kanga za mchuuzi, akaenda, akaiacha imeegemea jiwe moja. Mwishehe alikuja kuchungulia kuna chakula gani. Mama alisikia ukelele mmoja, kisha akasikia mtoto hanyamazi, na baadaye akasikia amenyamaza. Walimpaka asali, walimpaka majani. Alikaa siku kidogo akafa.

Hemedi alinoa panga. Alilinoa waziwazi, ukumbini, mbele ya mlango wa Kondo. Kondo naye alikuwa na kisu chake cha mkonge. Bibi aliona damu inakuja ndani ya nyumba yake, na alijua njia moja tu ya kuizuia. Hitima ilipokwisha akawaita uani kwenye maji.

Mwanamvua alilia, akasema hakukusudia. Hemedi akasema yake kwa meno. Mwanaamina hakusema. Bibi alimwambia, "Sema, mwanangu, utue." Akatikisa kichwa. Hemedi akatema, Kondo akatema, Mwanamvua akatema. Mwanaamina akachukua maji kinywani, akakaa nayo. Akakaa nayo mpaka yakaanza kumchuruzika kidevuni. Mama nyuma ya ukuta aliona kimya kinakuwa kirefu akadhani wameondoka. Mwishowe Mwanaamina akatema, akaingia ndani.

Bibi alishukuru. Panga lilirudi darini. Hakujua, au alijua akafumba macho, kwamba kata ileile aliyomaliza nayo kesi ya kuku ndiyo aliyomtemesha Mwanaamina kifo cha mwanawe.

Baada ya hapo Mwanaamina alikuwa akilia jikoni, analia huku anakoroga. Wanawake wakamwambia, "Mwenzetu, si umetema?" Neno likamfikia bibi. Akamwita kando, akamwambia kwa upole, maana alikuwa na upole pia, "Mwanangu, machozi nayo yanarudisha neno. Mwenzio akiyaona atajionaje?" Mwanaamina akasema, "Nimesikia, Bi Mkuu." Akaacha kulia. Hakumtaja tena Mwishehe. Alipika na Mwanamvua mafiga yale yale, wakapeana chumvi, wakapokezana mwiko, na jina la mtoto halikusemwa na mtu ndani ya nyumba ile. Bibi alikuwa akiwaonyesha wageni: wale wawili pale, mwaona sheria yangu?

Kisha Mwanamvua akachukua mimba.

Uchungu ulimshika alfajiri, ukapita siku nzima, na kesho yake asubuhi bado. Mkunga aliyeitwa kutoka Mlandizi alitoka chumbani akifuta mikono.

"Mtoto amekaa vibaya," akamwambia bibi. "Mimi nimefika mwisho wangu. Ama kuna neno humu ndani, ama mpelekeni mjini kwa madaktari."

Mkunga alisema mambo mawili. Bibi alisikia moja. Akaagiza kata.

Kondo akasema yake, kwamba aliwahi kumpiga mke wake kofi, akatema. Wapangaji wakaja mmoja mmoja, huyu alimsengenya, yule alimnyima kuni, wakatema. Mle chumbani Mwanamvua alikuwa ameacha kupiga kelele, anaguna tu. Akabaki Mwanaamina. Ua mzima ukamtazama.

Wakati huo lori la mkonge lilikuwa limesimama barabarani, likienda Dar es Salaam. Dereva wake, Mfaume, aliingia uani na debe kuomba maji ya rejeta, akakuta watu wamekaa kimya na mwanamke anaguna ndani.

"Kuna nini hapa?"

Kondo akamrukia. "Kaka, nibebee mke wangu mpaka hospitali. Nakuomba."

"Mlete. Lakini injini ikipoa tu naondoka, mkonge wa watu unasubiriwa bandarini." Akachota debe lake akatoka. Kondo akaelekea chumbani.

Bibi akasimama mlangoni. "Ngoja."

"Bi Mkuu, gari lile!"

"Ukimtoa na neno ndani atakufa njiani, mikononi mwako. Limebaki moja tu. Ngoja, mwanangu." Kisha akageuka. "Mwanaamina. Sema."

Mwanaamina alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga imebana kichwa. "Niseme nini, Bi Mkuu?"

"Lililo moyoni."

"Moyoni mna lile nililotema. Jingine sina. Na lile umesema halirudi. Abdala ulimtoa kwa kuku, mimi utanitoa kwa nini?"

Wanawake wakaanza. "Sema, mwenzetu, utamwua mtoto wa watu!" Mmoja akapaza sauti: "Mchawi ni anayenyamaza!"

"Haya, nikisema, nimevunja sheria, nahama," akasema Mwanaamina, bado hajapandisha sauti. "Nisiposema, ni mchawi. Nichagulieni, ninyi mnaojua."

Hemedi akasema, "Mke wangu hajamfunga mtu uzazi. Mwacheni."

"Na mke wangu je?" Kondo akapiga kelele. "Bi Mkuu, mwambie aseme! Au nipishe!"

Bibi alisimama mlangoni, na kata mkononi. Nimewahi kumwuliza bibi mwenyewe, uzeeni, alikuwa akifikiri nini. Akanijibu kwamba alikuwa akifikiria mkeka wa Abdala. Aliona akisema "rudisha", basi watu wote aliowanyamazisha watarudi siku hiyohiyo na yao, na nyumba itarudi kwenye mapanga. Ndiyo sababu, akasema, na usinitafutie nyingine nzuri zaidi.

Honi ikalia barabarani. Ikalia tena. Kondo akamsukuma bibi begani, naye hakutoka, na Kondo hakuthubutu mara ya pili. Hakuna aliyewahi kumgusa Bi Mkuu. Wakasikia injini inaunguruma, na mlio unapungua kuelekea mjini.

Hapo ndipo bibi alipoweka kata chini. "Haya. Sheria nimeivunja mimi. Sema, mwanangu. Sema lote."

Mwanaamina akasema.

"Mwanangu aliitwa Mwishehe." Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. "Sikumwombea huyu mabaya. Wallahi sikumwombea. Nilikuwa nangoja kitu kimoja. Nilingoja siku moja aje mlangoni kwangu, bila kata, bila Bi Mkuu, bila ninyi wote na macho yenu, aniambie, dada, ile sufuria niliiacha mimi. Hakuja. Na angekujaje? Mlimwambia limekwisha. Na mimi mkaniambia limekwisha. Nikilia, limekwisha. Nikimwota, limekwisha. Mnaniambia niteme, niteme. Mtu anamtema mwanawe?"

Sauti ikatoka chumbani, nyembamba: "Dada Mwanaamina."

Akainuka, akaingia. Bibi akampisha. Chumba cha uzazi kilikuwa kinapakana na cha mama, na hapo mama alisikia bila kutega.

"Niliiacha mimi, dada. Niliitwa kuona kanga."

"Najua," akasema Mwanaamina. "Nishike. Sukuma."

Akasukuma. Alisukuma mpaka alasiri, mgongo wake kifuani kwa Mwanaamina, na mkunga akiwa hampi tena mtu tumaini. Kondo alikuwa barabarani anasimamisha chochote kinachopita, na kilichopita ni baiskeli na mkokoteni. Mwanamvua alikufa kabla ya magharibi. Mtoto hakutoka. Waliwazika pamoja kama walivyokuwa.

Uchungu unatafuta mahali pa kukaa. Wa Kondo ulikaa kwa Mwanaamina. Alivuka barabara, akaenda kwa jumbe, akamshitaki kwamba ameua kwa kinyongo, na jumbe, aliyekosa kesi za nyumba ile muda wote ule, aliipokea hii kwa mikono miwili akaipeleka Kisarawe. Waliosema "mchawi" uani siku ile walikuwa tayari kusema tena barazani.

Bibi hakuitwa. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, akapita Vihingo kwao bila kupiga hodi hata kwa kaka yake. Barazani akajipenyeza mbele mpaka mwenye kiti akamwuliza, "Mama, wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ndiye niliyezuia gari."

"Gari la nani?"

Akaeleza. Kata, maji, sheria yake, lori, honi, mlango alioziba kwa mwili wake. Alieleza kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kuwasomea wengine makosa yao. Mwisho akasema, "Mnatafuta aliyeua. Andikeni mimi."

Mwenye kiti alimtazama, akatabasamu kidogo. "Serikali haina sheria ya mate, mama. Wala ya mtu kusimama mlangoni kwake. Mwanamke amekufa kwa uzazi. Nendeni makwenu." Mwanaamina akaachiwa. Kondo akakaa chini palepale kwenye vumbi, na bibi akataka kumwinua. Alikataa mkono wake. Alirudi kambini kwenye mkonge, na nyumba yetu hakuikanyaga tena.

Kuachiwa barazani si kuachiwa na majirani. Watoto walikuwa wakimkimbia Mwanaamina kisimani. Hemedi akafunga cherehani yake kwenye gunia. Asubuhi ya kuhama, kabla mtu hajala, bibi alikwenda mlangoni kwao na kata imejaa. Akapiga magoti. Mama anasema hakuwahi kusikia magoti ya mamake yakigusa sakafu ila kwa sala.

"Mwanangu, nimekukosea," akasema. "Niseme, nawe useme, kisha..."

"Hapana, Bi Mkuu."

"Hutaki kunisamehe?"

"Sijui. Labda nitakusamehe. Lakini hili sitemi. Nimetema mara moja nikabaki mtupu. Hili naondoka nalo."

Bibi akaivuta ile kata kifuani. "Basi ondoka nalo," akasema. "Ni lako."

Mwanaamina akainama kuchukua mzigo, kisha akauliza, si kwa hasira, "Jina lake unalikumbuka?"

"Mwishehe."

"Haya. Kwaheri, Bi Mkuu." Wakaondoka kuelekea Mlandizi. Bibi aliwasindikiza kwa macho mpaka kona, bado amepiga magoti, na maji mkononi.

Mama alitolewa ndani mwaka uleule, kwa ngoma ndogo, maana nyumba ilikuwa nusu tupu. Wapangaji wapya walikuja. Waliposikia sifa za zamani wakamletea bibi magomvi yao: kuni, choo, nani kamwaga maji ya nani. Aliwaonyesha barabara. "Jumbe yuko kule. Nendeni mkagombane mpaka mchoke, lakini msinyamazishane." Wakaenda, wakalala mahabusu, wakarudi wamekonda. Kata akaifanya ya kuwanyweshea kuku.

Mimi nilimkuta mzee, anasali kwa kukaa. Kila Alhamisi jioni alikuwa akiwasomea marehemu wake, na mimi nikishika ubani. Ungedhani ataanza na mume wake, au baba yake Kitwana. Alianza na Mwishehe, mtoto wa mpangaji. Kisha Mwanamvua na aliyekuwa tumboni, ambaye hakupata jina. Nilimwambia mara moja, kwa ujinga wa utoto, "Bibi, mbona hao si wa kwetu?"

Akaniangalia mpaka nikashusha chetezo. "Tia ubani," akasema, akaanza upya, kutoka jina la kwanza.